Vipande Vinane vya Mkia wa Panya

Ukiingia kwangu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, inamisha kichwa. Siyo heshima ninayoitaka, ni kichwa chako ninachokihurumia. Kwenye miti ya baraza nimetundika makopo kumi na manne, na kila moja limeangusha mikia yake chini, mirefu, myembamba, yenye vimiiba vidogo ambavyo vikikuingia kidoleni utavitafuta siku tatu. Siye tunauita mkia wa panya. Ni kaktusi, ndiyo, ndugu wa yale mapana ambayo watu wanapanda kwenye ua ili mwizi afikiri mara mbili. Ila huu wangu hauwezi kusimama. Unaning'inia tu mwaka mzima, halafu baridi ikienda kwisha unachanua, na watu wanasimama njiani kutazama.

Kazi yangu ni cherehani. Wanawake wanakuja kushonesha libaya, blauzi yetu ya kikwembe, yaani kitenge, na wakati ninawapima macho yao yanapanda juu. "Mama, na miye unipatie kamoja." Ninawapa. Sijawahi kumnyima mtu, na sijawahi kuuza hata kimoja. Lakini ninatoa kwa masharti yangu, na asiyeyataka aende mjini akanunue maua ya plastiki. Hayo hayamsumbui mtu.

Wanasema nina mkono wa kupanda. Mkono gani! Mmea wa mama yangu niliuua mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii, na ninapenda kulisema mapema kabla jirani hajakusimulia vibaya.

Mama alikuwa na mmoja tu. Alipewa na mke wa mfanyakazi mwenzake baba, huko kaskazini, baba akiwa bado kijana wa reli. Walipohamishiwa Lubumbashi, mama alipanda nao treni ndani ya kopo la maziwa, kopo kwenye magoti, na mimi tumboni. Kwa hiyo mkia wa panya ulinitangulia kufika nyumbani. Mimi ni mtoto wa kwanza, lakini katika nyumba ile nilikuwa na mkubwa wangu.

Ulikaa kwenye nusu ya bidon, dumu la plastiki, ya njano, umefungwa kwa waya, upande wa baraza unaopata jua la asubuhi. Mwezi wa nane, wakati vumbi jekundu limefunika majani yote na hata kuku wana rangi ya tofali, mmea ule ulikuwa unatoa maua ya pinki kali, mengi, bila aibu. Jirani walikuwa wanaomba. Mama alikuwa anakata kipande, sawa, lakini hakumpa mtu mkononi. Alikiweka juu ya kabati, kwenye kipande cha gazeti, na kumwambia mgeni: "Urudi kisha juma mbili."

Siye watoto tulicheka sana. Tulisema mama ni mchoyo, anataka watu wasahau. Na kweli wengine walisahau. Mimi nilikua na imani hiyo, nikaolewa nayo, nikazaa watoto nayo: mama yangu ni mwema kwa kila kitu isipokuwa mkia wa panya. Sikuuliza hata siku moja kwa nini. Mtu anayejua kila kitu anauliza nini?

Mama alikufa mwezi wa pili, katikati ya mvua, baada ya miezi mitatu ya kulala. Miezi ile mitatu nilikuwa naye mimi. Kumwosha, kumgeuza, kumpikia uji ambao hakuumaliza. Ndugu zangu wanaume walikuwa wanakuja wakati kazi inawaachia. Mdogo wetu wa mwisho, mwanamke, anayekaa Kipushi na kufanya biashara ya kuvuka mpaka wa Zambia, hakuja hata mara moja. Kipushi! Kutoka kwangu mpaka Kipushi, kama barabara ina huruma, huwezi kumaliza rozari mbili. Alikuwa anapiga simu, anauliza, "Mama anaendelea namna gani?", na mimi ninajibu, "Kuja umuone," halafu anakata simu. Alikuja siku ya mazishi, akakaa nyuma pamoja na wageni.

Siku ya arobaini tukaondoa kilio, na mjomba wetu, ndugu ya mama, akasimamia kugawa vitu. Kwetu ndivyo inavyofanyika: vinatolewa vyote nje, vinapangwa kwenye mikeka, vikwembe upande huu, masufuria upande ule, na kila mtu anayehusika anapata chake mbele ya macho ya wote. Mjomba alisema, "Leo hata kintu kimoja kisilale bila mwenyewe." Ni kwa sababu kitu kikilala bila mwenyewe, asubuhi kina wenyewe watatu, na hapo ndipo familia zinavunjika.

Vikwembe vikaisha, masufuria yakaisha, hata kile kiti cha mama chenye mguu mmoja mfupi kikapata mtu. Ndipo mama mdogo akainua kidole kuelekea barazani. "Na ile maua?"

Tukatazamana. Mjomba akasema igawanywe kama vitu vingine. Watoto watano, yeye mwenyewe mjomba, mama mdogo, na rafiki ya mama wa kanisani: watu wanane. Mikasi ni yangu, ufundi wa kukata ni wangu, mimi ndiye mkubwa. Nikapanda juu ya stuli, nikakata. Kra, kra, kra. Nilikata kwa mkono wa mtu anayejua, kila kipande urefu wa mkono, na wote wakasema, "Huyu njo fundi." Nikapata vipande saba vizuri na kisiki kinachobaki kwenye bidon, ambacho mjomba alisema kibaki kwangu pamoja na nyumba.

Cha nane kilikuwa cha mdogo wangu wa Kipushi. Nilikuwa bado na mikia mizuri ya kukata. Sikukata. Siku ya mazishi, tulipoishusha bidon ili kupata nafasi ya viti, mkia mmoja ulivunjika nchani, kipande kifupi kama kidole, na mtu alikitupa kwenye ukingo wa dirisha. Kilikuwa pale pale tangu siku hizo arobaini, kimekunjamana kama ngozi ya mzee. Nilikiokota, nikampa mbele ya watu wote.

"Kamata. Mama alilala miezi tatu. Weye ulikuwa wapi? Kipushi iko mbali sawa Ulaya?"

Hakuna aliyenikataza. Mjomba aliangalia miguu yake. Mdogo wangu akapiga goti kidogo, kama mdogo anavyopokea kutoka kwa mkubwa, akanyoosha mikono miwili. "Aksanti, yaya," akasema; yaya kwetu ni mkubwa wako, wa kike au wa kiume. Akakifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaondoka kabla ya chakula. Nami, nakwambia ukweli, nilijisikia vizuri. Nilikula bukari, ugali wetu, wa watu wawili siku ile, na samaki wake.

Sasa sikiliza tulichokifanya. Katika mtaa wetu maji ya bomba hayana saa. Yanafika yanapotaka, na wa kwanza kuyasikia yakikohoa kwenye robine anapiga kelele, "Mayi inafika!", na wanawake wote wa parcelle, kiwanja chetu, wanatoka na bidon, beseni, ndoo, sufuria, mpaka kikombe cha mtoto. Kila kitu kikijaa, yale yanayobaki hakuna anayeyamwaga ovyo. Yanakwenda kwenye mchicha, kwenye mpapai, kwenye maua. Mtu ukimpenda unamwekea maji. Mmea ukiupenda, vilevile. Siye hatujui kupenda kukavu.

Jioni ile ile nilipanda kipande changu. Kingelalaje bila udongo, kitu cha mama? Nilichukua udongo wa kichuguu, ule tunaofyatulia tofali, kwa sababu ni mzuri, mwekundu, unashikana. Nikachanganya na mavi ya kuku. Nikachomeka mkia ungali unatoa maji mahali nilipokata, nikaumwagia mpaka udongo ukang'aa. Kisha nikageukia kisiki cha mama kwenye bidon, nacho nikakimwagia. Na kila siku maji yalipofika, nilianza na vile viwili kabla ya kuosha hata sahani. Ukumbuke ilikuwa bado mvua. Nilikuwa nimepanda mkia wa panya ndani ya tofali bichi, na bado ninaongeza maji.

Juma la pili ndugu yangu wa Likasi akapiga simu. "Yaya, kale kangu kanakuwa ya manjano."

"Unakapatiaka mayi?"

"Kila kisha siku mbili."

"Kisha siku mbili? Ni ua la mama yako ao ni ngamia? Kapatie kila siku!"

Akakapatia kila siku. Mjomba naye akauliza, mama mdogo naye, rafiki ya mama naye, na wote niliwapa amri ile ile kwa sauti ile ile. Mimi ndiye mkubwa, nani abishe? Juma la nne Likasi akapiga tena: kimeoza, kimelala chini kama kiazi kilichochemshwa. Nikamgombeza kwamba alichelewa. Mjomba: kimeoza. Mama mdogo: kimeoza, na kinanuka. Na wale wengine vilevile. Nikawaambia wote kwamba hawajui kutunza kitu, na kwamba bahati nzuri kisiki kiko kwangu.

Siku niliyosema hivyo nilitoka barazani, nikashika mkia mmoja wa mama ili niuondoe vumbi, na ukabaki mkononi mwangu. Haukuvunjika. Uliteleza tu na kutoka, kama mfupa unavyotoka kwenye nyama iliyoiva. Nikashika wa pili. Hivyo hivyo. Nikaingiza kidole kwenye udongo, nikakuta mizizi ni uji mweusi. Changu cha kwenye tofali sikuhitaji hata kukigusa, kilishakwenda zamani.

Nilikaa chini pale pale, kwenye sementi. Kitu kilichosafiri kwenye magoti ya mama, kilichokaa miaka zaidi ya hamsini juu ya vichwa vyetu, mimi nilikimaliza kwa miezi miwili, na kwa kukipenda. Na siyo changu tu. Niliua na vya wengine, kwa simu! Halafu mjomba alikuwa ameshatangaza kwamba kwenye misa ya mwaka ua la mama litawekwa karibu na picha yake, na wote walijua ni nani mwenye kisiki. Niligeuza bidon kuelekea ukutani. Mtu akiuliza, ninasema linapumzika.

Ndipo nikakumbuka kabati. Wiki mbili juu ya gazeti! Kumbe mama hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikuwa anangoja kidonda kikauke. Kipande kilichokatwa ni mtu mwenye kidonda, ukimtumbukiza kwenye matope siku ile ile kidonda kitaoza, hata mtoto anaelewa. Alikuwa akifanya vile mbele yetu maisha yetu yote, na siye tunacheka. Hasira zilinishika, lakini safari hii sikuwa na mtu wa kumgombeza.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika, ndugu yangu wa Likasi alipita Kipushi kwa kazi zake, akanitumia picha kwenye simu. Kopo la rangi, tupu la zamani. Ndani yake, kile kidole changu cha dharau, kimenyooka, kimejaa, na kando yake vimikia vitatu vipya vya kijani kibichi.

Sijui kama utaniamini nikisema jambo la kwanza nililosikia ni hasira. Yule! Aliyekimbia kitanda cha mama, yeye ndiye ua la mama limkubali? Nilizima simu. Nilishona mpaka uzi ukanikatikia mara nne. Kisha nikaiwasha, nikatazama tena, nikakubali lililo wazi: majirani wa zamani walishahama na vyao, na katika ukoo wetu mkia wa panya wa mama ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kwa mtu niliyemwaibisha mbele ya ukoo. Nisipokwenda, basi.

Kwetu mkubwa hamwombi mdogo msamaha. Anatuma mtu, au anatuma kitu, na mdogo anaelewa. Kwa hiyo nikamshonea libaya, kitambaa kizuri nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe, mikono iliyopanda mabegani, shingo ya mraba. Sikuhitaji kumpima. Mwili wa mdogo wangu ninaujua, nimemshonea tangu sare ya shule. Nikalikunja, nikaenda Kipushi siku ya Jumamosi asubuhi, nimevaa vizuri, maneno yangu nimeyapanga.

Alinifungulia mwenyewe. Akapiga goti, "Jambo yaya, uingie," akanipa kiti, akanipa chai. Hakuuliza nimefuata nini. Kopo lilikuwa dirishani. Sikulitazama, au nilijaribu. Nikatoa libaya. "Vaa tuone."

Akaingia chumbani, akatoka amelivaa. Mama eeh! Mabega yalikuwa yanaanguka. Kiunoni ungeweza kuingiza mtu mwingine. Mimi ambaye sikosei kipimo, nilimshonea mwanamke ambaye hakuwepo tena. Nilisimama, nikashika kitambaa kilichozidi upande mmoja, kisha upande wa pili, mikono imejaa nguo, na maneno niliyoyapanga yote yakapotea.

"Haina neno, yaya," akasema. "Utaikamata kidogo, itaenea."

Nikapiga magoti. Nilianza kama fundi anayetafuta mahali pa kuweka pini, lakini nilipokuwa chini nikaona hakuna haja ya pini. "Unisamehe," nikasema. "Ile siku. Kale kakipande nilikupatia kwa kukutukana. Na kisiki ya mama inaoza, miye njo niliozesha. Sina tena hata kamoja."

Aliogopa, mkubwa wake yuko sakafuni. Akanivuta mkono. "Yaya, simama. Simama, watu bataona!" Nilipokataa, naye akakaa chini, libaya limemzunguka kama pazia, tukawa wawili kwenye sementi ya baridi. Akanyoosha mkono dirishani, nyuma ya kopo, akashusha kipande cha gazeti. Juu yake kulikuwa na vimikia viwili, vimekatwa, mahali pa kukatia pameshakauka na kuwa pagumu kama ukucha.

"Hii ni yako. Nilikata siku ile yaya wa Likasi alipiga picha. Nilijua utakuja."

Akanifundisha, mimi, mkubwa wake. Alipofika na kile kidole nyumbani alikiacha kwenye kitambaa juma zima kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukitazama. Udongo wake haukuwa udongo: mchanga mzito wa mtoni na yale makombo ya makala, mkaa, yanayobaki chini ya gunia. Alikichomeka kidogo tu, upande uliokuwa chini ukabaki chini, akakifungia kijiti kisianguke. Maji hakukipa mpaka juma lingine lipite, na hata hapo kijiko. Sasa mimi ninafanya vilevile, na nimeongeza yangu: katika baridi ninaunyima kabisa, na makopo yangu yote nimeyatoboa chini kwa msumari wa moto. Lakini mwanzo ni wake, na ninalisema kwa kila anayenisifu.

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nilifikaka pa kituo cha taxi mara tatu, na kifuko yangu. Mara tatu ninarudia. Nilikuwa ninasema, kama sitamuona anakufa, hatakufa. Niliogopa, yaya. Ni ile tu. Haina ingine kintu."

Nilikuwa nimengoja jibu la swali langu tangu mwezi wa pili. Nilifikiri litakuwa uongo, au biashara, au mwanamume. Nilijaribu kulikasirikia, likakataa.

"Na miye niliogopa," nikamwambia. "Kila siku. Ila miye sikukuwa na pa kukimbilia."

Nilipolisema, machozi yakanijaa, nikauma mdomo. Tangu mama akate roho sikuwa nimelia. Nani angepanga viti? Nani angepokea mapadri, nani angejua sufuria ya nani imetoka nyumba gani, nani angewaonyesha wazee mahali pa kulala? Watu walisema, huyu mkubwa ni imara, na mimi nikawaamini. Mdogo wangu akavuta mkono wa lile libaya kubwa, akanifuta uso nao.

"Lia sasa, yaya," akasema. "Leo hakuna bageni."